Taroti au Orakeli: Anayeanza Ashike Ipi?

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Anasema pesa yake inatosha seti moja tu, na amekwama kati ya karata za taroti na kadi za orakeli, zote za kubashiria. Orakeli zinamvutia kwa kuwa ni nyepesi na maneno yake ni ya upole. Taroti anaiogopa, kwa sababu ndani yake kuna karata za Kifo, Shetani na Mnara unaoungua. Jibu langu kwake, na kwako wewe unayetaka kufika mbali katika usomaji wa karata, ni taroti.

Mimi nilianza na orakeli. Nilikuwa katika kazi iliyonichosha, sijui nibaki au niondoke, na kila asubuhi nikichomoa kadi inaniambia "Amini", "Subira", "Mwanga Unakuja". Zilinituliza, na hilo siwezi kulikana. Ila utulivu wenyewe haukufika saa sita mchana, kwa sababu kadi ilikuwa imeshasema yote. Neno limeandikwa pale chini ya picha. Utabishana nalo vipi?

Kisha nikashika taroti, nikakutana na karata iitwayo Nane ya Vikombe. Mtu aliyevaa joho jekundu, fimbo mkononi, amekupa mgongo, anaelekea milimani usiku. Nyuma yake vikombe vinane vimepangwa vizuri, vitano chini na vitatu juu, na safu ya juu ina pengo. Hakuna kikombe kilichovunjika. Hakuna anayemfukuza. Nililitazama lile pengo kwa muda mrefu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nangoja kazi ile iharibike kabisa ndipo nijipe ruhusa ya kuondoka, na wala haikuwa lazima. Mwezi uleule nikaandika barua ya kuacha kazi. Sijajuta hata siku moja.

Katika darasa nililolipia baadaye, mwalimu aliniambia mbele ya wenzangu kwamba aliyeanzia orakeli hana kipaji, anapenda picha nzuri tu. Maneno yale bado yananiuma. Leo watu wananitafuta niwasomee, wengine kila mwaka mpya, na wengi walioketi kwenye darasa lile wameshaziweka karata kabatini. Kwa hiyo ninaposema taroti kwanza, sisemi kwa kumdharau mwenye orakeli. Nasema kwa sababu ya namna taroti ilivyojengwa.

Taroti ya kubashiria ina karata 78, karibu kila mahali. Karata 22 ni zile kubwa, kuanzia Mjinga hadi Ulimwengu. Zinazobaki 56, zile ndogo, zimegawanyika katika aina nne, yaani fimbo, vikombe, panga na sarafu, na kila aina ina karata 14: ree hadi kumi, halafu kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme. Ukishajua kwamba vikombe vinazungumzia moyo na panga zinazungumzia fikra na migogoro, na ukajua tano huleta msukosuko, Tano ya Panga utaanza kuihisi kabla hujafungua kitabu. Orakeli haina mfumo huo. Mtungaji mmoja anatoa kadi 44, mwingine anatoa zaidi ya 60, na kila mmoja anaweka maana anazotaka. Ukibadilisha seti, unaanza upya. Kuna pia Lenormand, yenye kadi 36, ambayo watu huichanganya na orakeli. Hiyo ina utaratibu wake mkali wa kuunganisha kadi mbilimbili, usiinunue kwa kudhani ni njia ya mkato.

Kuhusu hofu, dada yangu, itazame karata ya Kifo kwa utulivu. Mifupa imepanda farasi mweupe, inabeba bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Mfalme amelala chini, mtoto amepiga magoti anaitazama, na kwa mbali jua liko kati ya minara miwili. Inazungumzia jambo linalokwisha ili jingine lipate nafasi. Karata hizi zilikuwa mchezo huko kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Kuzitumia kwa kubashiri kulishika kasi Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Yale maneno kwamba seti ya kwanza lazima upewe zawadi, yaache. Nunua mwenyewe.

Nunua seti iliyofuata michoro ya msanii Pamela Colman Smith, iliyotoka London mwaka 1909. Yeye alichora tukio kamili hata kwenye karata ndogo, na seti nyingi za leo zinamfuata. Zile za mtindo wa Marseille, wa zamani wa Kifaransa, zinaonyesha panga saba au vikombe vitano tu bila watu, na anayeanza atataabika nazo.

Changa karata, chomoa moja asubuhi, sema unachokiona kabla ya kusoma maana yake. Andika. Kesho fanya hivyo tena. Zilizotoka kichwa chini zigeuze wima kwa sasa. Usirudie swali lilelile mpaka karata ikubembeleze, huko ni kujidanganya. Ugonjwa peleka kwa daktari. Siri za mume wa mtu usiziulize, hata akikuomba rafiki yako mpenzi.

Orakeli utainunua baadaye. Mimi hadi leo nafunga usomaji mzito kwa kadi moja ya orakeli, ili aliyekuja kwangu aondoke na neno la kumshika. Na kama shida yako ni neno la faraja la asubuhi tu, huna nia ya kujifunza kusoma, basi chukua orakeli na usiombe radhi kwa mtu.

Dukani tazama kasha: liwe limeandikwa 78. Omba kuonyeshwa Tatu ya Panga, Nane ya Vikombe na Kumi ya Sarafu. Kama zote tatu zina picha unayoweza kuisimulia bila kitabu, lipia.