Mwalimu mkuu mpya, punguza barua za kujieleza

Juma lililopita nilipata ujumbe wa mwalimu mmoja kijana wa upande wa Sengerema. Ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu mwaka huu na tayari amechoka. "Shikamoo mwalimu. Walimu wangu wanachelewa, maandalio ya somo hawaandiki, wazazi ndiyo usiseme, naitisha kikao wanakuja wachache mno. Nimeshatoa barua za kujieleza karibu nusu ya ofisi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Anza kwa kuacha kuandika hizo barua za kumtaka mtu aeleze kosa lake.

Sisemi barua haina mahali pake. Nami nimeziandika, na ipo iliyofika hadi Tume ya Utumishi wa Walimu, wala sijutii. Ila ukizigawa kama chaki, hakuna atakayeziogopa. Watasaini, watakujibu kwa Kiswahili kitamu cha kuomba radhi, na kesho watafika saa ileile ya jana. Ile posho ya madaraka ya shilingi 200,000 inakufanya mkuu kwenye hati ya mshahara tu. Ofisini ni mpaka wakukubali.

Haya chuoni hawafundishi. Mimi nilifundishwa na mkuu wangu wa kwanza bila yeye kujua. Nilifika kuripoti na begi mgongoni, akasoma barua yangu ya ajira amesimama, akasema, "Nyumba hakuna. La nne B wanakusubiri." Basi. Hakuuliza nitalala wapi. Aliyeuliza ni mama muuza vitumbua pale getini, na ndiye aliyenipa chumba. Muda wote niliokaa pale, yule mkuu aliniita "wewe wa Hisabati". Baba yangu alipofariki niliaga kwa mwalimu wa zamu nikaenda kuzika. Niliporudi nilikuta alama nyekundu kwenye kitabu cha mahudhurio na barua mezani. Ni miaka mingi sasa, na bado nikimkumbuka nakunja uso. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Nilipopewa shule yangu mwenyewe, huku Ilemela, mwambao wa Ziwa Victoria, niliapa mwalimu wangu hatazika peke yake. Mwalimu wetu mmoja alipofiwa na mama yake kisiwani Ukerewe, tulipanda meli ya Nansio, mimi na wenzake niliowaruhusu, wengine wakabaki kushika madarasa. Tulikaa mkekani, tukabeba maji, tukala chini pamoja na ndugu zake. Ndugu yangu, yule mwalimu alikuwa mgumu, wa kujibu mkato kwenye vikao. Baada ya hapo sikumkumbusha tena andalio la somo. Kwa hiyo mwalimu akifiwa, nenda. Usitume mwakilishi. Usitume rambirambi kwa simu ukadhani umemaliza.

Na wazazi je? Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wakuu wengi wa mwambaoni wanapokwama.

Nilikuta daftari la mahudhurio la darasa la sita lina tabia ya ajabu: siku kadhaa limejaa, siku zinazofuata lina matobo, halafu linajaa tena. Walimu wakasema hao ni watoro sugu, wachapwe. Kwanza kanuni zenyewe haziruhusu kila mwalimu kushika fimbo. Ni mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viboko havizidi vinne. Pili, fimbo ingewapiga watoto kwa kosa la mwezi.

Nasema mwezi, huu wa angani. Alfajiri moja nilishuka mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Mitumbwi ilikuwa inarudi, taa za kuvulia zingine bado zinawaka. Wasichana wangu wa la sita walikuwa wameinama kwenye mchanga, sketi za shule zimefungiwa kanga juu, wanatandaza dagaa kwa viganja upesi upesi ili jua likitoka likute kazi imekwisha. Mmoja aliniona akataka kukimbia. Mama yake akamzuia, akaniambia, "Mwalimu, giza likiisha watakuja wote, wala usihangaike."

Giza likiisha! Dagaa huvuliwa usiku wa giza, maana ndipo wanapoifuata taa. Mbalamwezi ikiwaka sana taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika, na akina baba wanashinda nchi kavu wakishona nyavu. Yule mama alinipa kalenda ambayo sikuwahi kuipata kwenye semina yoyote.

Nikahamishia vikao vya wazazi kwenye siku za mbalamwezi. Wakajaa, na safari hii akina baba wenyewe. Hatukuanza na hotuba. Niliwauliza kazi ya kuanika inaweza kuisha saa ngapi mtoto akaoge, akawahi namba. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe, wakapangiana wenyewe. Kikao hichohicho ndicho kilichozaa chakula cha mchana. Tangu Januari 2016 michango ya lazima ilipofutwa, huwezi kumkamata mzazi shati umdai mahindi. Atakuuliza si elimu bila malipo? Na yuko sahihi. Lakini mzazi anayekujua ataleta mahindi, na wa mwaloni ataongeza dagaa. Shule yetu ilipika makande wakati majirani zetu wanaimba shida.

Vingine ni vidogo. Salimia. Wajue walimu kwa majina, na majina ya watoto wao. Mwalimu mmoja wa pale shuleni, aliyefundisha darasa la kwanza, alikuwa anachelewa kwa sababu ya mtoto mgonjwa; nikabadilisha ratiba, nikampa vipindi vya kati, naye akawa anabaki jioni na wale wasiojua KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mtu kumwomba. Nasema tena, salimia, na usisalimie huku unatazama simu.

Kisha nikahamishwa. Barua ilikuja katikati ya muhula bila hata neno la asante, lakini hayo tuyaache.

Siku ya makabidhiano tulihesabu madawati, vitabu, majembe, hata ndoo za chooni. Mwenzangu aliyenipokea shule alisaini kila ukurasa. Mwishoni nikampa karatasi mbili nilizoandika kwa mkono: mwalimu gani ana mgonjwa nyumbani, mama yupi ukimweleza jambo mwalo mzima utalijua kabla ya jioni, mwenyekiti gani hapendi kuitwa kwa simu, na siku za giza mpaka Desemba. Akacheka, akazikunja, akazitia kwenye faili la mwisho kabatini.

Kikao chake cha kwanza akakiweka giza tupu. Wazazi waliofika walitosha benchi moja. Akanipigia kuuliza nilikuwa nawalipa nini watu wale, nikamwambia afungue faili la mwisho.