Maswali ya Wasomaji: Kuizuru Soweto

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari hapa Tabora. Mwezi Julai nitakwenda Johannesburg kumtembelea mdogo wangu, naye amependekeza tuizunguke Soweto kwa basi la watalii. Nasita, kwani naona haya kupitishwa mbele ya nyumba za watu kama niliyekwenda kutazama umaskini wao. Unanishauri nini? (Mwalimu, Tabora)

JIBU: Mwalimu, haya uliyo nayo ina msingi, lakini isikuzuie kwenda. Soweto ni makazi makubwa yenye matajiri na maskini, na aibu iko katika kuyatazama kupitia kioo cha basi bila kumwamkia mtu. Tafuta ziara ya miguu au ya baiskeli inayoongozwa na mkazi wa huko. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka mwongoza watalii awe amesajiliwa, kwa hiyo omba kuona kitambulisho chake kabla ya kulipa.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, anzia Orlando West, kwenye Makumbusho ya Hector Pieterson. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi waliandamana kupinga amri ya kufundishwa baadhi ya masomo, Hisabati likiwemo, kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu waliotawala wakati huo. Polisi wakawafyatulia risasi, na Hector, mtoto wa shule, akawa miongoni mwa waliouawa. Picha ya Sam Nzima, inayomwonyesha akiwa amebebwa na Mbuyisa Makhubo huku dada yake akikimbia kando yao, ndiyo iliyoufikishia ulimwengu habari hiyo. Wanafunzi wetu huadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe hiyo hiyo, mara nyingi kwa kusimama juani wakisikiliza hotuba ambazo hazimtaji hata mmoja wa watoto hao.

Mtaa wa Vilakazi, ambako Mandela alihamia mwaka 1946 na ambako Desmond Tutu naye alikuwa na nyumba, uko karibu. Siku hizi umejaa migahawa na wauza vinyago, nami nisingekaa sana. Kanisa la Regina Mundi lipe muda zaidi, kwa sababu wanafunzi walikimbilia humo, na alama za risasi za polisi bado zinaonekana. Muda ukiruhusu, fika Kliptown, ulikopitishwa Mkataba wa Uhuru, tamko la madai ya wapinga ubaguzi wa rangi, tarehe 26 Juni 1955.

Muulize mwongozaji pia juu ya vijana waliotoroka nchi baada ya 1976. Baadhi yao walikuja kusoma Mazimbu, Morogoro, katika shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji kijana wa chama hicho aliyenyongwa na serikali ya Makaburu mwaka 1979. Ukiwa Mtanzania, hapo una la kusimulia nawe.

Usimpige mtu picha wala nyumba yake bila ruhusa, hasa watoto. Na kwa kuwa Julai ni majira ya baridi huko, beba sweta zito. Baridi ya asubuhi ya Johannesburg si ya Tabora.