Poda kwenye ngozi laini ya mtoto: nipake au niache?

SWALI: Mwanangu ana miezi minne na ngozi yake ni laini mno. Hutoka wekundu shingoni na kwenye mapaja. Mama mkwe alinielekeza nimpake poda kila nikimwogesha, nami nimefanya hivyo mwezi mzima, lakini wekundu hauishi. Niendelee?

JIBU: Acha, mama. Mama mkwe wako anamtakia mjukuu wake mema, na poda imepakwa watoto vizazi kwa vizazi, lakini haina kazi ambayo maji, kitambaa kikavu na mafuta hayaifanyi vizuri zaidi.

Fungua mkunjo wa shingo saa chache baada ya kumpaka, uangalie kwa karibu. Utakuta michirizi myeupe, imelowa na kushikana kama udongo. Poda imenyonya jasho na maziwa yaliyotiririka, ikaganda, na sasa unyevu wote umekaa palepale. Kila mtoto akigeuza kichwa, ule mgando unakwaruza ngozi ambayo tayari imechubuka. Ndiyo maana wekundu hauishi.

Kubwa zaidi ni pumzi. Ukitikisa kopo, vumbi jepesi huelea juu ya mtoto aliyelala chali, naye hulivuta hadi mapafuni. Madaktari wa watoto wanaikataa poda kwanza kabisa kwa sababu hiyo. Zilizotengenezwa kwa talki zina jambo la ziada: talki ni madini yanayochimbwa, na ardhini mara nyingine hukaa pamoja na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayosababisha saratani yakivutwa kwa pumzi. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani. Poda ya wanga wa mahindi haina talki, lakini nayo ni vumbi, na mkunjoni huganda vilevile.

Shingoni, safisha mara mbili kwa siku, na kila maziwa yanapomwagikia hapo. Inua kidevu taratibu, futa kwa pamba iliyochovywa maji ya uvuguvugu, bila sabuni, kisha kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa laini. Usisugue. Watu wengi hukosea hapa: wanaosha vizuri, halafu wanafunga mkunjo ukiwa bado na majimaji.

Mapajani adui ni mkojo na kinyesi kukaa pamoja. Mkojo hupunguza asidi ya ngozi, na hapo vimeng'enya vya kinyesi, yaani kemikali za kusaga chakula tumboni, hupata nguvu ya kuila ngozi. Badilisha nepi kila baada ya saa 2 hadi 3, na mara moja akijisaidia haja kubwa. Osha kwa maji, kausha, mwache bila nepi dakika 10 hadi 15, kisha paka krimu ya zinki oksaidi au mafuta ya mgando, tabaka nene linaloonekana. Nepi inayofuata ukikuta krimu bado ipo na ni safi, usiikwangue. Ondoa kinyesi tu na uongeze nyingine juu. Kuisugua hadi iishe ndiko kunakochubua.

Wekundu ukikolea ndani kabisa ya mikunjo, na pembeni yake kukatokea vidoa vidogo vyekundu vilivyotawanyika, hao ni fangasi. Zinki peke yake haitawatoa. Mtoto anahitaji krimu ya kuua fangasi atakayoandikiwa na mhudumu wa afya. Nenda pia kama hakuna nafuu ndani ya siku 3, au ukiona malengelenge, usaha au homa.

SWALI: Ikitokea kaka yake akachezea kopo na poda ikammwagikia mdogo usoni, nifanye nini?

JIBU: Mtoe mahali penye vumbi, mketishe wima, mfute pua na mdomo kwa kitambaa chenye maji. Usimpulizie usoni wala usimtie kidole kooni. Kisha mpeleke hospitali, hata kama amekohoa kidogo na kunyamaza, kwa sababu shida ya kupumua inaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, au midomo ikibadilika rangi, hiyo ni dharura. Chukua na lile kopo, daktari asome kilichomo.