Maswali yenu: mbwa, kola na vidubwasha vya kumsaka

Wiki mbili hizi nimepokea swali moja lililobadilisha nguo tu: ninunue traka gani ya mbwa, yaani kidubwasha cha kunionyesha alipo. Nimechagua manane. Walioandika "bei gani bosi?" nimewaruka. Mimi siuzi kitu.

Shikamoo mwandishi. Shemeji ametoka Dubai na AirTag mbili. Nikimfungia mbwa moja kwenye kola, si inatosha? (Tegeta)

Marahaba. Haitoshi, na hii ni mara ya nne naliandika.

AirTag, kile kidude cha Apple cha kutafutia vitu vilivyopotea, haina GPS ndani yake wala laini ya simu. Inatoa ishara ndogo ya bluetuthi, halafu inasubiri iPhone ya mtu yeyote ipite jirani ili hiyo ndiyo ipeleke habari. Katikati ya London mbwa hawezi kuvuka barabara bila kupishana na iPhone kumi. Wako akitoka Tegeta akashika vichochoro vya kuelekea Boko, atawapita bodaboda, mama ntilie na vijana wa drafti, na karibu wote wana Android. Utakachoona kwenye ramani ni pale mwenye iPhone wa mwisho alipompita, labda saa tano zilizopita. Kwa habari ya saa tano zilizopita hupati mbwa. Apple wenyewe walipoitoa mwaka 2021 walisema ni ya funguo na mabegi.

SmartTag ya Samsung inafanya kazi vilevile, ila inategemea simu za Galaxy, ambazo mitaani kwetu ni nyingi zaidi. Kama huna namna, hiyo ina nafuu.

Hukuniuliza, lakini sikiliza: ndani ya AirTag mna betri bapa ya duara, CR2032. Mbwa mtafunaji akiivunja na kuimeza, inaweza kumuunguza koo na utumbo ndani ya saa chache. Hapo usingoje kukuche wala usimpe maziwa ukaombea. Mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo.

Daktari alimwekea mbwa wangu chipu mwaka jana. Nifungue programu gani nimwone alipo? (Njiro, Arusha)

Hakuna. Chipu ni namba ya tarakimu 15 ndani ya kichupa kidogo kama punje ya mchele. Haina betri, na inasomwa na mashine iliyosogezwa sentimita chache kutoka ngozini. Ni kama namba yako ya NIDA: inasema wewe ni nani, haisemi uko baa gani.

Siku ukitaka kuhama naye kwenda Ulaya ndipo utaishukuru. Mbwa anayetoka Tanzania au Kenya anatakiwa chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa ifuate, damu ipimwe si chini ya siku 30 baada ya chanjo, kisha asubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Chanjo ikitangulia chipu unaanza upya. Nimeona familia ikiahirisha safari kwa kosa hilo.

Nimenunua GPS ndogo yenye sumaku Kariakoo kwa elfu thelathini. Mbwa kalala barazani, ramani inasema yuko Maili Moja. Nimepigwa? (Picha ya Ndege, Kibaha)

Umepigwa, na mimi nilishapigwa kabla yako, kwa hiyo tukae pamoja.

Kwa maelezo yako hiyo ni GF-07 au ndugu yake. Sanduku limeandikwa GPS kwa herufi kubwa, lakini ndani hamna kipokezi cha satelaiti. Kinachofanyika ni kuuliza minara ya simu iliyo karibu, halafu kukadiria. Mjini kadirio hilo hukosea mamia ya mita. Ukitoka nje ya mji linakosea kilomita kadhaa.

Yangu nilimfunga Bobi, mbwa wa kienyeji mwenye tabia ya kupotea kila jirani anapokuwa na jike lenye joto. Usiku wa kwanza alipotoroka, simu ilinipeleka hadi uwanja wa mpira ng'ambo ya barabara kuu. Nikazunguka na tochi, nikaita "Bobi! Bobi!" mpaka mlinzi wa shule akatoka na rungu. Asubuhi tulimkuta nyumba ya tatu kutoka kwetu, nyuma ya banda la kuku, ametulia kama mkwe. Tulimpata kwa msaada wa mtoto wa jirani aliyesoma namba ya simu niliyoichonga kwenye kibati cha kola. Kibati kile kilinigharimu shilingi elfu tatu kwa fundi wa mihuri.

Traka ya kweli ina vitu viwili: kipokezi cha satelaiti kinachojua mahali, na laini inayokutumia habari. Penye anga wazi hukosea mita chache tu. Chini ya mabati au zege hata ile ya bei mbaya hubabaika, kwa hiyo usiilaumu mbwa akiwa chini ya uvungu. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji mtoke nje, iwashe, isubiri dakika chache, tembea nayo mita mia mbili, uone kama alama kwenye ramani nayo inatembea. Akisema inahitaji "kuzoea mtandao" kwanza, mrudishie.

Halafu kuna la laini. Usikubali traka inayokuja na laini iliyokwisha kusajiliwa kwa alama za vidole vya mtu usiyemjua. Nenda kasajili yako, weka bando dogo la data, na kumbuka kwamba laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Wengi huuliza mbona traka "imekufa", kumbe laini ndiyo imefungwa au bando limekwisha.

Na ondoa neno la siri la kiwandani. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Avast walikuta traka zipatazo 600,000 za watoto, wazee na wanyama ziko wazi mtandaoni, neno la siri likiwa 123456. Vingi vya vidubwasha hivi vina maikrofoni pia: ukikipigia simu, unasikia yanayosemwa karibu nacho. Kama mbwa wako hulala sebuleni, anayeijua ile laini analala sebuleni kwako.

Shangazi yangu wa Minneapolis ameona kola ya Whistle iliyotumika, bei ya kutupa. Aninunulie? (Moshi)

Asinunue. Kampuni ya Tractive, watengenezaji wa traka za wanyama, iliinunua Whistle mwaka 2025, na vifaa vya Whistle vikazimwa tarehe 31 Agosti mwaka huo. Ndiyo maana bei ni ya kutupa. Hata Fi, kola nyingine ya namba hiyohiyo ambayo bado ni hai, ilitengenezwa kwa mitandao ya Marekani. Kabla shangazi hajatoa dola yake, aangalie kwenye orodha ya kampuni kama Tanzania imo na ada ya mwezi ni kiasi gani. Ada hiyo ndiyo bei yenyewe. Ile ya dukani ni utangulizi.

Labrado wangu ana miaka minne na amenenepa. Nataka traka ya mazoezi ihesabu hatua zake. Ipi nzuri? (Nyali, Mombasa)

Hili ndilo nililokuwa nalingojea.

Kifaa hicho kina kipimaji cha mtikisiko, basi. Hakijui kama mbwa anakimbia ufukweni au anajikuna kupe. Namba za mbwa mmoja pia huwezi kuzilinganisha na za mwingine. Faida yake ni kumlinganisha mbwa na yeye mwenyewe: wiki hii amelala zaidi ya wiki iliyopita, usiku ameanza kuhangaika, mguu mmoja umemfanya apunguze mwendo. Kwa mbwa mzee au anayetoka kwenye upasuaji ningekinunua bila kubisha. Kwa labrado mnene wa miaka minne, utakuwa umenunua saa ya kukuhesabia vitu unavyovijua.

Weka viganja ubavuni mwake. Mbavu uzihisi bila kubonyeza, kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Ukizitafuta kama sarafu chini ya godoro, amezidi. Mtazame kwa juu: pasipokuwa na kiuno, amezidi. Sasa nenda kaulize jikoni ni watu wangapi wanaomlisha. Nakuhakikishia si mmoja. Dada anampa ukoko wa ugali, bibi anampa kichwa cha samaki, mlinzi anamgawia maandazi.

Labrado ana udhuru kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo yao wana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, inayowafanya wawe na njaa na hamu ya chakula isiyoisha. Macho yale ya huruma mezani basi si ushahidi kwamba hajala. Na katika utafiti mwingine uliofuata labrado 48 maisha yao yote, waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya ndugu zao. Kola haikuhusika. Kilichopunguzwa ni sahani.

Mpime kwenye mizani ya daktari kila mwezi, chakula kipimwe kwa kikombe kimoja na mtu mmoja, na matembezi yawe alfajiri au baada ya magharibi. Joto la Mombasa la saa saba mchana linaweza kumuua mbwa mnene huku kola ikikupongeza kwa kutimiza lengo. Ukitaka kipimo cha bure, mhesabie pumzi akiwa usingizini: zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, mpeleke hospitali.

Nafuga kondoo, mbwa wangu wanne huenda bondeni ambako simu haishiki kabisa. Kuna traka isiyotaka mtandao? (Njombe)

Ipo. Garmin wanatengeneza kola za mbwa wa uwindaji, ziitwazo Alpha, ambazo hutumia satelaiti kujua mahali na redio kukutumia kwenye kifaa cha mkononi. Hazihitaji mnara wala bando. Kampuni hutaja umbali wa hadi kilomita 14, lakini huo ni wa uwanda mtupu. Kwenye mabonde na misitu yenu tarajia sehemu ndogo tu ya hapo.

Ila seti moja ni bei ya ng'ombe wa maziwa, na zile za Marekani hutumia masafa ya redio yaliyo huru kwao. Hapa masafa yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa hiyo uliza kabla mzigo haujapanda ndege. Mbwa wakiwa wanne na wanatembea pamoja, mfunge kola kiongozi peke yake. Wengine wafunge kengele. Sitanii, kengele haijawahi kuishiwa chaji.

Naishi Rongai, mbwa wanaibwa sana. Traka itanisaidia kushika mwizi? (Ongata Rongai, Kenya)

Mara chache. Mwizi wa mbwa akishamrushia nyama, kitu cha kwanza anachokata ni kola. Traka ni ya mbwa anayezurura. Dhidi ya mwizi ni taa, mlinzi, na mbwa aliyefundishwa kutokula cha mgeni. Ikitokea alama bado inasoma mahali, nenda kituoni upate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na uende na askari. Usiende peke yako usiku kugonga geti la watu kwa sababu ramani imesema. Wewe mwenyewe umesoma hapo juu ramani ilinipeleka wapi. Chipu na picha za mbwa ndivyo vitakavyokusaidia kuthibitisha kwamba ni wako.

Kampuni inasema chaji hudumu siku saba. Yangu haimalizi mbili. Nimedanganywa? (Kimara)

Hujadanganywa, ila siku saba hizo wamehesabu kwa mazingira yao. Traka nyingi nzuri hupumzika zikiona Wi-Fi ya nyumbani: zinajua mbwa yupo, satelaiti hazina haja. Sasa umeme ukikatika, rauta inazima. Traka inadhani mbwa ameondoka, inaamka, inasaka satelaiti, inapiga mnara, na wewe kazini unapata ujumbe kwamba mbwa wako Simba ametoroka, kumbe amelala chini ya mwembe. Umeme ukikatika mara tatu kwa wiki, chaji imekwisha.

Weka rauta kwenye kibetri cha akiba, vile vinavyouzwa kwa ajili ya Wi-Fi. Zima ufuatiliaji wa papo kwa papo, uwashe siku amepotea kweli. Na ichaji Jumatano na Jumapili anapokula, geti likiwa limefungwa. Bobi wangu alitoroka mara mbili kola ikiwa kwenye chaji.