Maswali kwa Wakili: Kazi ya Kesi za Wengi

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sheria, mzaliwa wa Mombasa. Tangu niisome hukumu ya Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa kwa madini ya risasi, nimetamani kazi ya kuwatetea watu wengi kwa pamoja, wawe ni wakazi waliochafuliwa hewa yao au wateja waliotozwa wasichodaiwa. Baba anasema kazi hiyo haina riziki, na kwamba ni heri nijikite katika hati za ardhi. Je, nani kati yetu amekosea, na kazi yenyewe ikoje katika siku za kawaida?
Binti wa Mombasa

JIBU: Marahaba, binti. Nianze na baba yako, kwa sababu hoja yake ina uzito kuliko unavyodhani. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili ya Kenya kinabatilisha mapatano yoyote ambayo wakili atalipwa pale tu mteja anaposhinda, au atalipwa zaidi akishinda na pungufu akishindwa. Mawakili wa Marekani wameijenga kazi hii juu ya mapatano ya namna hiyo hiyo: wakili huigharimia kesi kwa fedha zake kwa miaka, kisha hupata sehemu ya fidia ikipatikana. Afrika Kusini nayo iliyaruhusu kwa sheria ya mwaka 1997. Kwetu mlango huo umefungwa, na kwa hiyo wakili wa kesi za wengi huishi kwa mshahara wa shirika la kutetea haki, au kwa ruzuku ya wafadhili, au kwa kuendesha ofisi ya kawaida ambamo hati za ardhi hulipa kodi ya pango na kesi za wakazi hufanywa jioni, watu wengine wakishakwenda nyumbani. Mimi ni wa kundi hilo la tatu, na sioni aibu kukuambia kwamba hati za ardhi ndizo zilizowasomesha wanangu.

Sasa tuiangalie ile hukumu uliyoisoma. Ilitolewa Julai 2020 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa, kwa ombi lililowasilishwa mwaka 2016 na watu kumi kwa niaba ya wakazi wa mtaa mzima, mtaa wenye watu wapatao 3,000. Kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kutoa madini ya risasi kilikuwa kimekwisha kufungwa tangu 2014. Mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo na kutaka suala la kiasi lisikilizwe upya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Ni miaka minane tangu ombi hadi neno la mwisho, na hata neno hilo si malipo bado. Sehemu ya fidia iliangukia taasisi za umma, na mali ya serikali haikamatwi ikapigwa mnada na dalali wa mahakama kama mali yako na yangu; wakili hulazimika kurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha ofisa mhusika alipe. Wanafunzi husoma hukumu na kufunga kitabu, lakini mteja wako ataendelea kukupigia simu mwaka wa pili na wa tatu baada ya hukumu, akiuliza kilichokwama.

Tazama pia kwamba aliyeisukuma kesi ile si wakili. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda chenyewe kabla mwanawe hajapimwa na kukutwa na sumu ya risasi mwilini, na ni yeye aliyewakusanya wakazi hadi akatunukiwa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, mwaka 2015. Kesi ya aina hii isipokuwa na mtu wa namna hiyo, anayeaminika mtaani na asiyechoka, wakili hodari hatafika nayo mbali.

Umeuliza siku za kawaida zikoje. Nyingi ni za daftari. Katiba ya mwaka 2010 imetufungulia njia pana: Ibara ya 22 inamruhusu mtu kufungua shauri kwa maslahi ya kundi, na Ibara ya 70 haimtaki anayelalamikia uharibifu wa mazingira athibitishe kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Wengi husoma maneno hayo wakadhani orodha na vipimo si muhimu tena. Ukitaka amri ya kuzuia uchafuzi, Ibara ya 70 itakubeba. Ukitaka fidia, utaulizwa ni nani aliyeumia, kwa kiasi gani, na umejuaje. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya. Hebu fikiria kazi ya kuthibitisha ni nani mvuvi, na ni nani aliyenunua mtumbwi baada ya kusikia habari za fidia.

Nilijifunza hilo kwa kuaibika. Katika kesi yangu ya kwanza ya wakazi, waliolalamikia moshi wa tanuri la chokaa, niliwaachia vijana wa mtaa waandike majina ya walalamikaji, nami nikaiambatisha orodha kwenye hati ya kiapo bila kuisoma kwa makini. Wakili wa upande wa pili aliisoma badala yangu, kwa sauti, mbele ya jaji: majina yaliyojirudia mara tatu, mtu aliyefariki kabla tanuri halijajengwa, na mtoto aliyeandikwa kuwa fundi seremala. Kesi haikufa siku ile, lakini tuliondoka mahakamani tukiwa tumepoteza imani ya jaji, na mdaiwa akaanza kuwaita wakazi mmoja mmoja na kuwapa vijisenti ili wajitoe. Siku hizi kila jina huwa na nambari ya kitambulisho, nyumba, mwaka wa kuhamia, na cheti cha zahanati kama kipo, na mimi mwenyewe hukaa chini ya mwembe na wazee tukaipitia orodha jina kwa jina.

Utakapokwenda Shule ya Sheria ya Kenya na baadaye katika miezi sita ya uanagenzi, mtafute wakili atakayekupeleka mtaani na maabara, wala usivutwe na yule mwenye ofisi yenye zulia. Jifunze kuisoma ripoti ya vipimo vya damu na udongo hadi uweze kumhoji mtaalamu aliyeiandika, maana kesi za mazingira nyingi huangukia hapo: je, sumu hii ilitoka kwenye bomba hili, au ilikuwapo tangu zamani? Baba yako hakukosea kuhusu riziki. Wewe nawe hukukosea kuhusu kazi.

SWALI: Nimekuwa wakili wa makampuni kwa miaka sita hapa Dar es Salaam, na ninafikiria kuhamia upande wa pili, wa wananchi na mazingira. Rafiki zangu wa Nairobi hujivunia Katiba yao. Je, sheria ya Tanzania inaacha nafasi kwa kazi hii?
Wakili mwenzio, Dar es Salaam

JIBU: Mwenzangu, nafasi ipo, na ilikuwapo kabla hata ya sheria tunazozitegemea leo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo la taka, moshi wake na harufu yake, wakashinda. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa taka palepale, Jaji Lugakingira alishangaa waziwazi kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 sasa inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, pamoja na haki ya kufungua shauri kuitetea.

Zingatia lakini tofauti mbili. Kwa kesi ya uwakilishi, yaani wachache kushtaki kwa niaba ya wengi, chini ya Amri ya I, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwenu ni lazima kupata ruhusa ya mahakama kwanza. Pili, tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayefungua shauri la haki za msingi za Katiba hutakiwa kuapa jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kwa maoni yangu marekebisho hayo yamewabana mno wanaosimama kwa ajili ya wengine, lakini hayakuua kazi. Yamemlazimu wakili amtafute mwathirika wa kweli tangu siku ya kwanza.

Usiisahau Arusha, yenye makao ya mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupitia kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililofunguliwa na shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya. Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri, na mawakili wengi hukwama hapo.

Miaka yako sita ya makampuni ni mtaji: unajua nyaraka hukaa wapi na ni nani huziandika. Ila mteja wako wa jana usimshtaki kwa siri alizokupa. Hilo litakuondoa katika daftari la mawakili.

SWALI: Kila siku ninakatwa shilingi tano za simu kwa ujumbe ambao sikuuomba. Majirani nao wanakatwa. Je, kuna wakili atakayeshughulika na shilingi tano?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwa shilingi tano zako peke yako, hapana; kwa shilingi tano za watu laki moja, ndiyo, na kesi za pamoja zimewekwa hasa kwa hasara ndogo kama hizo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamruhusu mtumiaji kufungua shauri kwa niaba ya kundi, hata kama mkataba aliokubali kwa kubonyeza kitufe unadai kumzuia. Anza kwa kulalamika kwa kampuni kwa maandishi, kisha kwa Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sababu ukikimbilia mahakamani kabla ya kupitia huko, jaji atakurudisha. Waombe majirani wafanye vivyo hivyo, kila mmoja kwa jina lake. Na kabla hujabadilisha simu au kufuta chochote, piga picha za ujumbe wote, tarehe na saa zikionekana.