Damu ya mgonjwa wa saratani imeshuka: usikimbilie kopo la vitamini

Wewe unayeanza kazi kliniki ya saratani hapa Dodoma, kagua mkoba wa mgonjwa. Mara nyingi mna kopo la antioksidanti (viambato vinavyolinda chembe za mwili zisiharibiwe) na chupa ya juisi ya rozela, kwa kuwa ameambiwa vinaongeza damu. Usimnyang'anye. Muulize anatumia kiasi gani kwa siku na tangu lini, uandike kwenye faili.

Antioksidanti hazitengenezi damu, na wekundu wa rozela ni rangi ya ua tu. Chembe nyekundu hubeba oksijeni pamoja na chuma, hivyo radikali huru, molekuli korofi zinazoharibu chembe, hazikosekani ndani yake hata kwa mwenye afya; glutathioni, antioksidanti ya mwili wenyewe, huzidhibiti. Saratani na baadhi ya dawa zikizidisha mashambulizi, utando hupasuka na chembe hufa kabla ya siku zake 120. Kinga ya antioksidanti inahusika hapo. Lakini sababu kubwa huwa kwingine: kutokwa damu, hasa saratani ya mlango wa kizazi, kemotherapi kudhoofisha uboho, au inflamesheni (mwako wa kinga ya mwili) kulifanya ini litoe hepsidini nyingi, homoni inayofungia chuma ghalani. Chuma kimo, hakitoki, na juisi haifungui ghala hilo.

Kwa hiyo anza na FBP, kipimo cha picha kamili ya damu. Hb (hemoglobini, kwa g/dL) chini ya 12 kwa mwanamke au 13 kwa mwanaume ni upungufu. Chini ya 8 ni mkali. MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, ikiwa chini ya 80, fikiria upungufu wa chuma. Juu ya 100, fikiria upungufu wa foleti (vitamini B9) au B12, au dawa anazotumia. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, ya 60 isikutulize: inflamesheni huipandisha, na kwa mgonjwa wa saratani hata chini ya 100 huhesabiwa kuwa chuma kimepungua. Pima na malaria, choo pia kwa minyoo.

Vitamini C ina kazi moja ya uhakika: husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Mlenda uliokaushwa juani umeshapoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo, na chai ya rangi juu ya ugali wa uwele huzuia chuma kidogo kilichomo. Mwambie akoroge unga wa ubuyu kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, asiuchemshe, anywe pamoja na chakula. Chai isubiri saa moja au zaidi. Ubuyu mwekundu wa pakiti hauhesabiki, ni sukari na rangi. Mwenye vidonda mdomoni ubuyu utamchoma, mpe papai.

Vidonge vya antioksidanti vya dozi kubwa ni jambo jingine. Mionzi na doksorubisini, dawa ya kemotherapi, huua saratani kwa sehemu kupitia radikali huru hizo hizo, kwa hiyo vinaweza kuikinga saratani yenyewe. Utafiti wa Finland uliotangazwa 1994 uliwapa wanaume wavutaji sigara miligramu 20 za beta-karotini kila siku; saratani ya mapafu iliongezeka. Vitamini C ya gramu nyingi kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, huweza kupasua chembe nyekundu. Anayetumia methotreksati, dawa ya saratani inayozuia kazi ya foleti, asipewe foleti kabla daktari hajaulizwa.

Hb ikifika 7 au chini, au mgonjwa anahema akiwa amekaa, funga daftari la lishe umwite daktari: huyo anahitaji kupangiwa chupa ya damu.