Fundi kala advansi yangu, naweza kumshtaki bila wakili?

SWALI: Habari za kazi. Nilimpa fundi advansi anitengenezee makabati, kazi hajafanya na hela harudishi, mwanzoni alikuwa ananiambia vumilia kidogo siku hizi simu hata hapokei. Wakili niliyemuuliza anataka hela inayokaribia deni lenyewe. Mkataba hatukuandikiana, nina meseji za WhatsApp tu. Nikienda mwenyewe mahakama ya madai madogo nitaweza kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na ndio utaweza, hizi mahakama zimewekwa kwa ajili ya watu kama wewe, tena kule California, Marekani, kwa kawaida wakili haruhusiwi kukusemea siku ya kusikilizwa kesi za aina hii. Kwanza hakikisha deni halizidi kiwango cha mahakama ya kwenu (Kenya mwisho ni shilingi 1,000,000), na uulize mwisho wa kufungua kesi usije ukakupita.

Meseji ni ushahidi, usiogope, ila usimpelekee hakimu kile kipande unachokipenda wewe tu. Printi mazungumzo yote toka mlipopatana bei mpaka aliponyamaza, namba yake na tarehe zionekane, weka na meseji ya muamala, afu kila karatasi iandike namba ya ukurasa, maana hakimu akikuuliza ni wapi huyu alikubali kapokea hela unamwambia ukurasa wa 4, sio unaanza kupekua simu mbele yake watu wote wanakungoja. Toa kopi tatu, ya mahakama, ya fundi na yako.

Kabla hujafungua kesi mwandikie barua, unadai kiasi gani, cha nini, alipe mwisho lini, na ubaki na uthibitisho kwamba kaipata. Jina lake pia lisikupite hivi hivi, tafuta la kwenye kitambulisho, kama hela ulilipa kampuni basi shtaki kampuni, ukishinda kesi kwa jina la mtaani utahangaika sana mbele.

Siku ya kusikilizwa eleza kwa tarehe, matusi aliyokutukana yaache.

Ila jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba hukumu ikitoka hela haiji yenyewe, asipolipa inabidi urudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe alipe, kwa hiyo anza sasa hivi kuulizia karakana yake iko wapi, ana mashine gani, hela anapokelea akaunti gani. Na akikufata pale mahakamani anaomba alipe kidogo kidogo, kubali kama unaona inafaa, lakini mkaandikishe mbele ya hakimu.